Visiwa vya Ugiriki: Mwezi wa Kwenda, Upepo wa Kuujua na Vya Kutia Begini

Kofia yangu ya pama iko chini ya Bahari ya Aegean. Ilikuwa mwisho wa Julai. Meli ilitoka Piraeus, bandari ya Athens, asubuhi, maji yametulia, nami nimejikalia sitaha ya juu na kofia yangu mpya ya ukindu na miwani ya jua, raha mustarehe. Kwa saa mbili hivi nchi kavu ya Attica ilikuwa ikitukinga, na sikujua kama tumekingwa. Tulipoipita rasi ya Sounion, pale magofu ya hekalu la Poseidon yanapoonekana juu ya jabali, upepo ulikuja kama kibao. Kofia ikaenda zake. Mzee wa Kigiriki aliyekaa benchi la jirani, yeye na kofia ndogo ya kubana kichwa, alinitazama kwa huruma akatamka neno moja tu: "Meltemi."

Wengi wetu tukipanga safari hii tunauliza joto litakuwa digrii ngapi, halafu tunafunga begi kwa jibu hilo. Kwa mtu wa Dar au Mombasa joto la visiwani si la kutisha. Naxos au Paros mwezi Agosti mchana hukaa kwenye 27 hadi 29, na hata Rhodes na Corfu zinapopita 30, unyevunyevu ule wa kwetu wa Februari huukuti. Kinachoamua utaogelea wapi, meli itaondoka au itakaa, na ni nguo ipi utaivaa kweli, ni upepo. Kwa hiyo tutaanza na upepo, twende kwenye kisiwa, kisha mwezi. Begi tutalifunga mwisho.

Hatua ya 1: Ujue upepo kabla ya kukata tiketi

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba upepo una kalenda. Kaskazi ikivuma tunajua ni Desemba hadi Machi. Kusi ikiingia majahazi yanageuza njia. Meltemi nao una msimu wake. Huanza kujitokeza Juni, hukaza kuanzia katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti, na Septemba hulegea. Unatoka kaskazini, na ukifika kusini-mashariki, upande wa Rhodes na Karpathos, hupinda ukaja kutoka kaskazini-magharibi.

Chanzo chake si kigumu kukielewa. Majira ya joto hewa nzito hujikusanya juu ya nchi za Balkan, na huku mashariki ardhi ya Uturuki inaungua na jua, hewa yake inakuwa nyepesi na kupanda. Hewa nzito inakimbilia kwenye nyepesi, na njia iliyo wazi ni Bahari ya Aegean. Ndiyo maana upepo huu hauji na mawingu wala mvua. Utaamka, mbingu buluu kabisa, hakuna dalili hata moja, kumbe bandari imefungwa. Sisi tuliozoea kuona wingu jeusi kwanza ndipo tukimbilie nguo kwenye kamba, hapo ndipo tunaponaswa.

Huja kwa vipindi: siku tatu, siku tano, mara nyingine wiki nzima, kisha hupumzika. Kwa kawaida asubuhi huwa mpole, hupanda kadiri jua linavyopanda, hukaza alasiri na kupungua usiku. Ukiwa wa nguvu sana haupumziki hata usiku, na utausikia ukipiga miluzi kwenye madirisha ya mbao.

Wagiriki hawahesabu upepo kwa kilomita, wanahesabu kwa bofor, na inafaa ujue ngazi chache. Bofor 4 ni upepo wa kupunga tu. Ya 5, yaani kilomita 29 hadi 38 kwa saa, mwavuli wa ufukweni unataka mtu wa kuushika. Ya 6 (39 hadi 49) mchanga unakuchapa miguu kama pilipili. Ya 7 (50 hadi 61) unakata kona umeinama. Ikifika 8 (62 hadi 74), usipange kitu chochote chenye neno boti ndani yake.

Hatua ya 2: Chagua kisiwa, halafu chagua upande wa kisiwa

Ugiriki ina visiwa na vijisiwa kama 6,000, na vinavyokaliwa na watu ni 227. Hali yao ya hewa si moja, na kusema "naenda visiwani" bila kusema vipi ni sawa na kusema unakwenda Afrika Mashariki kisha ukafunga begi moja kwa Lamu na kwa Lushoto.

Visiwa vya Ionia, yaani Corfu, Lefkada, Kefalonia, Zakynthos na wenzao, viko magharibi, na bara lenyewe la Ugiriki linavikinga na meltemi. Upepo wao wa majira ya joto unaitwa maistro: huja alasiri kutoka kaskazini-magharibi, mara nyingi kwa adabu. Gharama yake ni mvua. Corfu kwa mwaka hupata zaidi ya milimita 1,000, kiasi kinachokaribia cha Dar es Salaam, ila sehemu kubwa hunyesha kuanzia Oktoba hadi Machi. Ndiyo sababu ni ya kijani, imejaa mizeituni na miti ya misonobari. Kama una watoto wadogo au hupendi bahari yenye mawimbi, na unasafiri Julai au Agosti, anzia huku. Ni ushauri ambao ningeshukuru kama mtu angenipa mapema.

Kikladi, kundi la Santorini, Mykonos, Naxos, Paros, Tinos, Syros, ndicho kiini cha meltemi. Vile vinu vya upepo vya Mykonos vinavyopigwa picha kila siku havikujengwa kwa urembo, vilisaga nafaka kwa karne nyingi kwa sababu upepo haukuwahi kukosekana. Santorini haifikishi hata milimita 400 za mvua kwa mwaka. Wakulima wake hukunja mizabibu chini kama kikapu ili zabibu zikue ndani, zisipukutishwe na upepo na zinywe umande wa usiku. Ukiona mmea umelazimika kuishi hivyo, jua na wewe utalazimika kuvaa jaketi.

Rhodes, Kos na wenzao wa Dodekani wana joto zaidi na msimu mrefu zaidi. Mwisho wa Oktoba Rhodes bado watu wanaogelea. Krete ni nchi ndani ya nchi. Pwani yake ya kaskazini hupigwa mawimbi meltemi inapovuma, ya kusini hutulia, na milima katikati, Psiloritis wenye mita 2,456 na ile Milima Myeupe, hubeba theluji wakati wa baridi.

Ukishachagua kisiwa, iko kanuni moja inayokuokoa kila siku: upepo ukitoka kaskazini, kaogelee kusini. Mykonos, fukwe kama Platis Gialos zimetulia wakati upande wa pili bahari imejaa povu. Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba "karibu na ufukwe", fungua ramani uone ufukwe huo unatazama wapi. Kanuni ina ubishi wake, lakini. Mahali ambapo mlima mrefu uko nyuma ya ufukwe, upepo huuruka mlima na kuanguka upande wa pili kwa vishindo. Plakias, kusini mwa Krete, inajulikana kwa hilo, na Ikaria vilevile. Hapo uliza mwenyeji, usiamini ramani.

Hatua ya 3: Chagua mwezi

Novemba hadi Machi nitapita haraka. Ni msimu wa mvua na wa ubaridi wa kuingia mifupani. Januari Heraklion mchana ni 15 hivi, na nyumba za mawe visiwani huwa baridi ndani kuliko nje. Hoteli nyingi za visiwa vidogo hufungwa na meli hupungua. Krete, Rhodes, Corfu, na Syros yenye mji mkuu wa Kikladi, Ermoupoli, huendelea na maisha. Katikati ya Januari huja mara nyingi siku chache za jua na utulivu ambazo Wagiriki huziita siku za alkyoni, kwa hekaya ya ndege aliyepewa utulivu wa bahari ili aatamie mayai yake. Ni siku tamu, lakini hakuna awezaye kuzikatia tiketi.

Aprili ni maua, vilima vimevaa kijani ambacho Julai hutakiamini. Bahari bado ni ya 16 au 17. Kwetu Zanzibar maji hayashuki chini ya 25, kwa hiyo usijidanganye, utaingiza vifundo vya miguu na kutoka. Pasaka ya Kiorthodoksi huangukia Aprili au mwanzoni mwa Mei (2026 ni Aprili 12, 2027 ni Mei 2), na juma hilo meli hujaa Wagiriki wanaorudi kwao. Corfu, Jumamosi Kuu, watu hurusha mitungi ya udongo kutoka madirishani ikapasukie barabarani. Ukienda kuangalia, simama mbali.

Mei na nusu ya kwanza ya Juni ni chaguo langu kwa mtu anayetaka kutembea zaidi ya kuogelea. Mchana 23 hadi 27, meltemi haijaamka sawasawa, korongo la Samaria huko Krete, kilomita 16 za kushuka kwa miguu, hufunguliwa mwezi Mei hali ya hewa ikiruhusu. Bahari inapanda kutoka 19 kwenda 22. Usiku bado unahitaji sweta.

Julai na Agosti ni jua, watu, bei na upepo. Jua huchwa kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na kitu usiku mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, jambo linalomchanganya kila aliyelelewa karibu na ikweta, ambako magharibi ni saa kumi na mbili na nusu bila majadiliano. Siku ya saa karibu 15 ina maana ya saa karibu 15 za kuchomwa. Mara kwa mara meltemi hunyamaza na joto la kweli huingia, wenyewe wanaliita kafsonas. Julai 2023 joto lilikuwa kali hadi Akropoli ya Athens ikafungwa saa za mchana, na mwezi huohuo moto wa msituni Rhodes uliwahamisha watu kama 19,000, wengi wao watalii. Agosti 15, sikukuu ya Bikira Maria, ndiyo kilele cha safari za Wagiriki wenyewe. Tinos siku hiyo hujaa mahujaji, wengine wakipanda kwa magoti kutoka bandarini hadi kanisani. Kama hukuweka nafasi miezi kabla, usiipange safari yako kuzunguka tarehe hiyo.

Septemba ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Bahari imehifadhi joto la Agosti, iko kwenye 24, upepo umechoka, watoto wamerudi shule na bei zimeshuka. Lakini haina dhamana. Septemba 2020 kimbunga cha Mediterania kilichoitwa Ianos kiliikumba Kefalonia, Ithaca na Zakynthos. Oktoba nenda kusini tu, Krete au Rhodes, na uwe na koti la mvua.

Hatua ya 4: Weka siku ya akiba, na uiombee viza

Hii ndiyo hatua watu huiruka, nami niliiruka. Safari ile ya kofia iliishia vibaya. Nilipanga meli ya asubuhi kutoka kisiwani, ndege ya usiku kutoka Athens. Usiku wa kuamkia, upepo ukafika 8, mamlaka ya bandari ikatangaza apagoreftiko, yaani marufuku ya meli kung'oa nanga, nami nikalala kwenye kiti cha bandarini nikilitazama begi langu. Ndege iliondoka bila mimi, na tiketi mpya nililipa kwa hela ya kodi ya nyumba.

Fanya hivi. Usiku wa mwisho kabla ya ndege ya kimataifa lala Athens au Piraeus, si kisiwani. Kama ni Julai au Agosti na uko Kikladi, acha usiku mbili. Kata tiketi za meli kubwa za kawaida badala ya boti za mwendo kasi kwa safari ya kurudi. Boti za kasi hufika mapema, Santorini kwa mwendo wa saa tano hivi badala ya saa saba au nane, lakini upepo ukipanda ndizo zinazosimamishwa kwanza, na zikitembea zinarukaruka hadi mifuko ya kutapikia inagawiwa. Boti ya kwenda Delos, kijisiwa cha magofu, kutoka Mykonos, mwendo wa nusu saa tu, hufutwa mara nyingi. Iweke siku ya kwanza ya kukaa kwako ili uwe na siku nyingine za kujaribu tena.

Siku ya akiba lazima iingie kwenye ombi la viza ya Schengen pia. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya afya ya safari isipungue yuro 30,000. Watu huomba siku kumi kamili kwa safari ya siku kumi, halafu upepo unakuja kuhesabu ya kumi na moja. Taja tarehe za kweli pamoja na siku za akiba, na bima izifunike zote.

Jambo dogo: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa ya Ugiriki ni sawa na ya Dar, Nairobi na Kampala. Huna cha kubadilisha kwenye simu. Ila tiketi zinaandikwa kwa saa 24, na mtu aliyezoea saa zetu akiwa na usingizi anaweza kusoma 07:00 akaelewa saa saba mchana. Nimemwona mtu akifanya hivyo. Sawa, nilikuwa mimi.

Hatua ya 5: Funga begi

Anza na begi lenyewe. Chora (mji mkuu wa kisiwa huitwa hivyo) ni ngazi na vichochoro vya mawe, magari hayaingii. Hydra magari ya watu binafsi hayaruhusiwi, mzigo hubebwa na punda. Begi la magurudumu madogo litakuaibisha mbele za watu. Begi la mgongoni la lita 40 linatosha siku kumi, na ndani ya meli utaliacha chini kwenye rafu za mizigo kwa hiyo uwe na kibegi kidogo cha pasipoti, dawa, chaja na nguo ya kujifunika.

Nguo ya kujifunika ni kikoi. Nimejaribu taulo, shali na vile vitambaa vinavyouzwa ufukweni kwa yuro 20, nikarudi kwenye kikoi cha Mombasa cha miaka kumi. Ndani ya meli viyoyozi hupuliza kama unasafirisha samaki, na kikoi ni blanketi. Mlangoni mwa monasteri, Patmos kwa mfano, magoti na mabega lazima yafunikwe kwa mke na mume, na kikoi ni sketi. Ufukweni ni mkeka, ukitoka majini ni taulo, na upepo ule hukikausha kabla hujamaliza kahawa. Kanga nazo nazipenda, lakini ni nyepesi, upepo wa bofor 5 unaikunja kanga kabla hujakalia. Ukibeba kanga, weka jiwe kila pembe.

Nguo nyingine zichague kwa swali moja: zikipigwa na upepo, zitafanya nini? Dera langu lilikuwa tanga kamili, nikashuka ngazi za Chora nimelishika kwa mikono miwili, hakuna mkono wa kushika ukuta. Gauni pana livaliwe juu ya taiti au bukta. Mtandio wa hariri hautulii kichwani. Beba wa pamba, na pini za kutosha. Suruali nyepesi ndefu ni bora kuliko kaptula siku mchanga unaporuka. Jaketi jembamba la kuzuia upepo, lenye kofia na zipu, lilale juu kabisa ya begi hata kama ni Agosti, kwa sababu sitaha ya meli saa tatu usiku si mahali pa fulana.

Viatu jozi tatu, basi. Raba zenye soli inayoshika, maana mawe ya vichochoro yamesuguliwa na nyayo hadi yanateleza kama sabuni, na visigino virefu haviruhusiwi kwenye maeneo ya magofu. Ndala za kutembelea chumbani. Na viatu vya mpira vya kuingilia majini, kwa kuwa fukwe nyingi ni kokoto, na kwenye miamba wapo wale viumbe wa mviringo wenye miiba mieusi ambao watoto wa Zanzibar wanawajua vizuri.

Kuhusu jua, tusidanganyane kwamba ngozi nyeusi haihitaji kitu. Kwetu joto lenyewe hukufukuza uende kivulini. Kule upepo unakupoza huku jua linaendelea na kazi yake, kuta nyeupe zinakurudishia mwanga usoni, na jioni unagundua masikio yanauma. Mafuta ya kukinga jua yanunue nyumbani, visiwani bei imeongezwa nauli ya meli. Hewa kavu na chumvi hupasua midomo. Kikopo cha mafuta ya mgando kitakufaa kuliko losheni tatu.

Begi langu la siku kumi za Septemba, jinsi lilivyo sasa:

- fulana 4, blauzi 1 ya mikono mirefu, suruali 2, gauni 1 la kubana, taiti 1
- nguo za kuogelea seti 2 (moja inakauka, nyingine imevaliwa)
- sweta 1, jaketi la upepo 1, kikoi 1
- kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni
- vibanio vya nguo 8 na kamba ya mita tatu
- chupa ya maji ya lita moja
- adapta ya pini mbili za mviringo na pawabenki

Vibanio si mzaha. Utafua kwenye sinki, utaanika varandani, na bila vibanio asubuhi utakuta chupi zako kwa jirani. Adapta ni kwa sababu chaja zetu za pini tatu haziingii kwenye soketi zao. Umeme ni volti 230, kifaa chako hakitaungua. Kwa Mei ongeza sweta la pili na soksi. Kwa Julai punguza sweta, ongeza kofia ya pili ya akiba. Kwa Januari sahau orodha hii, funga kama unakwenda Mbeya mwezi wa saba na uongeze koti la mvua.

Dawa: vidonge vya kichefuchefu humezwa nusu saa kabla ya kupanda meli, si baada ya kuanza kutapika. Dawa za kila siku ziwe kwenye boksi lake pamoja na cheti cha daktari, hasa zenye kodeini, ambazo Ugiriki huzitazama kwa jicho kali. Dawa ya mbu beba. Maji ya bomba ya visiwa vingi vidogo wenyeji wenyewe hawayanywi, uliza kabla ya kujaza chupa.

Hatua ya 6: Ukiwa kisiwani, isome siku kabla hujaianza

Kila jioni angalia utabiri wa idara ya hali ya hewa ya Ugiriki, EMY, na usiangalie alama ya jua, itakuwa jua tu. Angalia bofor za saa nane mchana. Zikiwa 4 kushuka, kesho ni siku ya boti. 5 au 6, ni ufukwe wa kusini, uende asubuhi. 7 na zaidi, panda kijijini katikati ya kisiwa, ukae nyuma ya ukuta, ule mbuzi. Usilifukuzie godoro la kuelea linalopeperushwa kuelekea baharini, liache liende. Upepo unaotoka nchi kavu hufanya maji yaonekane yametulia huku ukikupeleka mbali kuliko utakavyoweza kurudi.

Simu iwe na chaji usiku. Kukitokea moto au dhoruba, serikali hutuma ujumbe wa tahadhari kupitia namba 112 kwa simu zote zilizopo eneo hilo, kwa Kigiriki na Kiingereza, simu ikilia kwa kelele ya kumwamsha maiti. Pasipoti, dawa na raba viwe mahali pamoja, mahali unapopafikia gizani.

Na kama simu haina chaji, watazame wahudumu wa taverna, yaani mikahawa ya kule. Asubuhi wakibana vitambaa vya meza kwa vibanio vya chuma, alasiri itakuwa na upepo. Wakianza kuhamisha meza upande wa pili wa nyumba, chukua kahawa yako uwafuate.